Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dodoma: Darasa Limetulia, Lakini Nani Anasikiliza?

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: KUWAFUNDISHA WANAFUNZI KUSIKILIZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Nimestaafu ualimu lakini mkono bado una mazoea ya barua za ofisini.) Ninaishi Nkuhungu, na ninawaandikia kwa ajili ya watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili.

Ingia darasa lolote la umri huo, ukae nyuma dakika chache. Mwalimu anaeleza, kisha anauliza: "Tumeelewana?" Darasa zima linaitikia: "Ndiyooo!" Mwalimu anasonga mbele. Sasa msimamishe mmoja, yeyote, umwombe aseme kwa maneno yake kitu kilichoelezwa punde hii. Atasimama, atamwangalia jirani yake, atanyamaza. Wala hakuwa mtundu. Alikuwa ametulia tuli, mikono juu ya dawati, kama tulivyomfunza. Utulivu ndio tunaousifia, na ule mwitikio wa pamoja ndio tunaoupokea kama ushahidi kwamba somo limeingia.

Nyumbani nako mtoto msikivu ni yule anayetumwa akaenda. Akimuuliza mkubwa, "Hapo ulikuwa na maana gani?" anaambiwa ana mdomo. Basi anajifunza mapema kwamba usalama wake uko kwenye kuitikia. Siombi tuivuruge adabu hiyo. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo na imenifaa. Ila nina wasiwasi na mafunzo ya kigeni yanayosema msikilizaji mzuri humtazama msemaji machoni. Kwa watoto wengi wa huku, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ndiyo heshima yenyewe. Tusipime usikivu kwa macho. Tupime kwa mambo mawili: je, anaweza kurudia alichoambiwa bila kukipindisha, na je, ana swali lililotokana na alichosikia?

Hilo la kwanza si jipya duniani. Wamarekani Carl Rogers na Richard Farson waliliandika mwaka 1957: mrudishie msemaji maana ya alichosema, yeye mwenyewe athibitishe kwamba umemwelewa. Darasani linafanyika hivi. Kabla Juma hajatoa hoja yake, aseme kwanza Asha amesema nini, na Asha akubali kwamba ndivyo. Lijaribuni kwenye midahalo ya shule, ambako siku hizi kila mzungumzaji anakariri hoja zake nyumbani na kuzishusha zote hata kama mpinzani wake ameshazijibu.

Lingine ni kusubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe alirekodi walimu Marekani miaka ya 1960 na 1970, akakuta kwamba baada ya kuuliza swali wengi walisubiri sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kuzungumza. Sekunde 3 hazitatuzuia kumaliza muhtasari wa somo, Ndugu Afisa.

Kisha kuna imla, ambayo tumeiacha ipime tahajia tu. Mwalimu asome kifungu kifupi mara ya kwanza, kalamu zikiwa chini. Asome tena, waandike maneno machache ya msingi. Halafu wawili wawili wakijenge upya kifungu kile kwa maneno yao. Hapo ndipo utasikia ubishi mtamu: "Hakusema kila mwaka, alisema mwaka jana!" Watu wataniambia darasa lina watoto 80, wakati kiwango cha shule ya msingi ni 45. Najua, nimefundisha madarasa hayo. Ndiyo sababu nasema wawili wawili, kwenye dawati lao hilohilo, badala ya makundi yanayohitaji kuhamisha viti.

Na tusiseme watoto wetu hawana uwezo huo. Nendeni Chamwino, katika mkoa huuhuu alikotoka marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, mkaone vijana wakicheza ngoma ya Kigogo. Kila sauti inaingia kwa kusikia nyingine imefika wapi. Asiyesikiliza anaharibu wimbo mzima na anajulikana papo hapo. Kijana huyohuyo Jumatatu anakaa darasani saa nzima bila kujua mwenzake amejibu nini.

Mahali pabaya zaidi ni Januari, kidato cha kwanza. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, ghafla masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mvua za Dodoma nazo ndizo hizo zimeshika, zinagonga bati lisilo na dari, na aliyeko nyuma haambulii neno. Wengine wana matatizo ya masikio ambayo hayajawahi kupimwa, wanaitwa wazembe.

Ninayoomba yako ndani ya uwezo wa ofisi yenu. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari vipo mashuleni. Muhula mmoja vitumike kwa mazoezi haya, walimu wafanyiane wao kwa wao kabla ya kuwapelekea watoto. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza, zile za kuwazoesha Kiingereza, ziwe na kifungu cha kusikiliza kila siku. Mganga wa kituo cha afya kilicho jirani aombwe kuwapima masikio wanafunzi wapya. Na ninyi mnapotembelea shule, msiulize, "Mmeelewa?" Mchagueni mtoto wa dawati la nyuma awaambie mwenzake amesema nini.

Vikao hivyo vikianza, nipo tayari kuja kusaidia shule za kata yetu, bila posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma