Mjomba, nimeshatoa kishika uchumba cha pikipiki ya R6 na nimeshaiangusha

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi hapa Mwaloni, Kirumba. Nina miaka 32, mke mmoja, watoto wawili. Boxer naiendesha huu mwaka wa pili, leseni daraja A ninayo, na nilikuwa sijawahi kuanguka hadi Jumapili ya juzi.

Tamaa ya pikipiki ya sport ninayo tangu sijaoa, lakini imezidi siku hizi. Jumapili asubuhi vijana wanapita na za kwao wakielekea Usagara, wanashika njia ya Kigongo, wanavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda kunywa chai Sengerema, kisha hao wanarudi. Lile daraja la kilomita tatu lilipofunguliwa Juni 2025 ndiyo wakapata uwanja. Zamani ungefika pale ukapanga foleni ya pantoni pamoja na malori, mwendo wote unaishia hapo. Mimi nikizisikia zinapita naacha spana. Mama watoto anajua, huwa ananicheka tu.

Nimedunduliza milioni 12 kwa miaka mitatu, na kwa pesa hiyo zimejitokeza pikipiki mbili. Moja ni Yamaha R6 ya mwaka 2008, bluu, anaiuza milioni 11. Nyingine ni Yamaha R3 ya mwaka 2016, iko Nyegezi kwa jamaa anayehamia Dodoma, anataka milioni 10 na nusu. Umeona hapo? Tofauti ni laki tano, na kwa laki tano napata pikipiki ambayo kila mtu Mwanza ataniuliza ni ya nani. Nikatoa laki nane za kishika uchumba kwa mwenye R6. Sikumwambia mtu nyumbani.

Nisikudanganye, hesabu naijua. Kazi yangu ni kuuza na kutengeneza nguvu za farasi. Boxer yangu ina farasi kama 12. R3 ni sisi 321 (yaani cc, ukubwa wa injini) na farasi 42, yaani ni mashine ya 40 ile tunayomfungia mvuvi wa sangara anayekwenda mbali. R6 ni sisi 599, na farasi wake wanapita 110. Hizo ni karibu mashine tatu za 40, na hakuna maji ya kuzipunguza wala nyavu wala barafu, nimezikalia mimi na suruali yangu. Kijana akija hapa Mwaloni siku yake ya kwanza kuendesha mtumbwi, akaniambia nimfungie mashine tatu za 40, ningemfukuza. Nimesoma pia kwamba Ulaya mwenye leseni ya kati haruhusiwi kuvuka kilowati 35, farasi 47 hivi, na anakaa hapo miaka miwili kabla hajapanda juu. R3 inaingia humo. R6 haikaribii.

Lakini Mjomba, kuijua hesabu ni jambo moja na kusimama mbele ya kitu chenyewe kimeoshwa kinang'aa ni jambo lingine. Niliikagua kama fundi. Injini nzima, oili safi, haitoi moshi, shokapu za mbele hazivuji, cheni haijavutika. Kitu pekee nilichomwonyesha mwenyewe ni tairi la nyuma: zile tarakimu nne za mwisho pembeni zinasoma 1416, maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Kashata, ile michoro ya tairi, zimejaa, lakini mpira umekauka, ukibonyeza kwa ukucha hauingii. Akasema, "Kwani wewe unaenda mashindanoni?" Nikacheka. Nilitakiwa niondoke pale pale.

Jumapili akaniruhusu nijaribu, kutoka Buhongwa kuelekea Usagara, asubuhi mapema. Kwenda ilikuwa raha ambayo sijui nikuelezeeje. Niliogopa kuvuta mafuta, nikawa giya ya pili, ya tatu, inanguruma chini chini kama simba aliyeshiba. Baadaye nikaambiwa giya ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na mjini sheria inakuruhusu 50. Sasa hizo giya nyingine tano nitazitumia wapi, Igoma sokoni?

Mara ikachomoka bodaboda na magunia mawili ya dagaa, imekata kona bila taa wala mkono. Nikaminya breki ya mbele kama ninavyominya ya Boxer, vidole vinne kwa nguvu. Mjomba, mkia wa ile pikipiki ulinyanyuka. Uliniinua mimi mwenyewe kwenye kiti. Haina ABS, ile breki inayozuia tairi lisijifunge, hizo R6 zilianza kuwekewa 2017. Nikaachia, nikaikwepa ile bodaboda kwa nafasi ya kiganja. Jamaa hakugeuka hata kunitazama.

Hapo nikasema basi, narudi. Na hapo ndipo nilipoangukia, wakati wa kugeuza, mwendo wa mtu anayetembea. Usukani wake uko chini na haukati kona kama wa Boxer, ukifika mwisho umefika, na barabara bado hujaimaliza. Nikabana klachi nusu, injini ikazima. Nikateremsha mguu. Mimi si mrefu, na kiti cha R6 kiko sentimita 85 kutoka chini, kwa hiyo iliyofika ardhini ni ncha ya kiatu, na pale palikuwa na mchanga ulioletwa na mvua. Kilo 190 zikaegemea kwangu polepole, bila haraka, kama ng'ombe anayelala. Sikuweza kuizuia.

Kulikuwa na mama anauza viazi vitamu pale pembeni. Akaja kunisaidia kuiinua, akaniambia, "Pole mwanangu. Kumbe na hizi zinaanguka?"

Mguu haukuumia, umechubuka tu kwenye kifundo, maana nilivaa raba. Kilichoumia ni kava la kushoto, limepasuka kama shibiri moja, na mkono wa klachi umepinda. Mwenye pikipiki ameshupaa. Anasema nina njia mbili: nimalizie pesa niichukue kama ilivyo, au laki nane zangu ziende kwenye kava na bado nitadaiwa, kwa sababu anataka kava la kiwandani liagizwe nje, na hilo huuziwi kipande, unauziwa upande mzima. Mimi nimemwambia mitumbwi ya faiba naiziba kila wiki, kava lake nitaliziba kwa faiba na rangi, asijue palipopasuka. Hataki. Nami naona kama amenishika pabaya, lakini kweli niliyeiangusha ni mimi.

R3 nimekwenda kuikalia juzi, Nyegezi. Kiti sentimita 78, nyayo zote mbili zimelala chini. Nikaizungusha uani kwa jamaa mara tatu bila kuteremsha mguu. Inaitika kuanzia chini, huhitaji kuipigia kelele ndipo isogee. Sikupata ule mtetemo wa moyo, nasema kweli, lakini niliporudi nyumbani nilikuwa bado naiwaza.

Tatizo ni maneno ya watu. Hapa Mwaloni hiyo R3 wameshaipa jina, "R6 inayonyonya". Kuna mmoja mwenye sisi 1000 ananiambia niruke hatua, nichukue R6 niwe mpole na mkono tu, kwa sababu ya sisi 300 nitaichoka ndani ya miezi mitatu na nitaiuza kwa hasara. Huyo huyo ana chuma kwenye paja. Lakini neno lake la kuchoka limenikaa kichwani, maana milioni 12 sitazipata tena kesho.

Sasa Mjomba, wewe umeendesha miaka mingi, niambie ukweli. Hivi mtu anaweza kujifunzia kwenye sisi 600 kwa kujizuia mkono tu? Mimi nilijizuia mkono wa kulia siku ile, na kilichotaka kuniua ni vidole vya breki. Na hiyo R3 ya 2016, je, niitafutie yenye ABS hata kama nitasubiri, au nichukue hii niliyoiona nikajifunze kubana breki taratibu kwenye uwanja mtupu? Nikiilipa hii, inabaki laki saba, au milioni moja na nusu kama laki nane zangu zitarudi, ya kofia ngumu ya maana, jaketi, glovu na buti. Nikiilipa R6 inabaki milioni moja, na tairi lile silipandi tena, lazima ninunue jipya, kwa hiyo kofia itabidi ningoje.

Halafu kuhusu laki nane. Je, ni haki azichukue zote kwa ajili ya kava? Makubaliano yetu hayakuandikwa popote, tulipeana mikono tu, na aliyeshuhudia ni mdogo wake. Nikimwachia niondoke, au nimtafute mtu mzima akatusuluhishe?

Jibu nalihitaji kabla ya Jumamosi, ndiyo siku aliyonipa. Na kama utaweza, nisaidie namna ya kuanza kumweleza mama watoto, kwa sababu lile kava nimekuja nalo nyumbani, liko uani nyuma ya simtanki nimelifunika na turubai, na jana ameniuliza mara mbili harufu ya faiba inatoka wapi.

Ni mimi mpwa wako,
Fundi wa Mwaloni, Mwanza