Kuruka angani kungoje

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaoanza kuteleza juu ya mawimbi, ambao tangu mchezo huu uingie katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, huota kuruka angani na ubao kabla hawajajua kusimama. Mwanzo ni povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, ubao mrefu na mpana, na kuinuka kwa mkupuo mmoja, magoti yakiwa yamekunjwa na macho yakitazama mbele, si miguuni. Kinachofuata, na ambacho wengi (wakiwamo walimu wengine) hukidharau, ni kona ya chini ya wimbi: mtelezaji huchuchumaa, huegemeza uzito ukingoni mwa ubao, na kasi aipatayo hapo ndiyo humpandisha hadi kileleni. Asiyeimudu kona hiyo hawezi kugeuza ubao kurudi kwenye povu, sembuse kuruka.

Msomaji wenu