Mwanangu, malkia wako mshonee, gundi iache

Mwanangu,

Marahaba. Michoro yako ya vazi la mdoli nimeiona, na wazo la malkia wa ziwa anayewaita dagaa usiku limenifurahisha sana. Wengine humshonea mdoli gauni la binti mfalme wa Ulaya, wakaishia hapo. Wewe umewatazama wavuvi wa Katonga na Kibirizi wanavyoingia Ziwa Tanganyika jioni na taa zao, ukamwona malkia katikati yao. Nimeamua kukujibu mbele za watu, maana hapa Kigoma hauko peke yako unayetunza midoli na kuibunia mavazi, na hili ningependa wote walisikie: hiyo gundi uliyonunua irudishe dukani. Vazi hili lishonwe.

Mdoli wa kutunzwa havishwi mara moja akaachwa. Atavuliwa, atafutwa vumbi, atavishwa jingine, na lile la kwanza litakunjwa liwekwe. Gundi ya moto huacha vinundu vigumu, na kwenye mwili mdogo namna ile hakuna kinundu kinachojificha. Ikimgusa mwilini, kuibandua ni kumkwaruza. Barbie alipotolewa Machi 1959, nguo zake zilibuniwa na Charlotte Johnson zikashonwa Japani, kwa mishono halisi, nyingine zikiwa na bitana na zipu ndogo zinazofunguka na kufungika. Nguo za miaka ile bado zinavuliwa na kuvaliwa hadi leo. Ningependa la kwako nalo lidumu hivyo.

Kabla ya mkasi, fanya hesabu. Mdoli wako ana sentimita 29, maana yake kila kitu kwake ni moja ya sita ya mtu mzima. Maua ya kitenge unayoyaona madogo pale soko la Mwanga, kwake yanafunika kifua kizima. Vitenge vya Kongo navipenda, na ukitaka kukitumia angalia pindo zake, mara nyingi huko kuna vidoti na mistari midogo inayomfaa. Ila kwa gauni lenyewe satini ya bluu iliyoiva uliyoichagua ndiyo hasa. Nakuonya kitu kimoja tu: rangi nzito huhamia kwenye plastiki ya mdoli, na ikishaingia haitoki kwa sabuni. Fua kitambaa mpaka maji yatoke meupe, kisha kikandamize kikiwa kibichi kwenye kitambaa cheupe uone kama bado kinachuja. Hata kikiwa safi, ndani weka bitana nyeupe nyepesi.

Patani, yaani vipande vya karatasi vya kukatia nguo, usikadirie kwa macho. Mfunge mwili kwa nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula, juu yake bandika selotepu ya karatasi mpaka umfunike kuanzia shingoni hadi mapajani. Chora kwa kalamu mstari wa bega, wa ubavu, wa kiuno, na wa kati mbele na nyuma. Kata mgongoni, mvue lile ganda, ligawe kwenye mistari yako, na kila kipande kitalala karatasini chenyewe. Ongeza nusu sentimita ya mshono kuzunguka. Kwenye cherehani fupisha hatua ya uzi, weka sindano nyembamba, na chini ya kitambaa tandika karatasi laini, la sivyo meno ya cherehani yatameza pembe. Ukimaliza, karatasi unaichana taratibu. Vipande vidogo kabisa, kama vya kwapani, shona kwanza kwenye kitambaa kizima ndipo ukate. Satini hufumuka, ikiwa ni ya nailoni au poliesta, ipitishe ukingoni mwa moto wa mshumaa, mbali kidogo, ijifunge yenyewe. Jaribu kwenye mabaki kwanza.

Mikono ya gauni ishone begani nguo ikiwa bado imelala, halafu ndiyo ufunge ubavu kuanzia mkononi hadi chini kwa mshono mmoja. Mgongo uwe wazi hadi chini ya nyonga, maana viungo vyake havijipindi kama vyako. Vidole vikikataa kupita, vivike kipande cha mfuko laini, mkono utateleza. Na velkro hapana. Itanasa nywele zake na itachuna satini. Tumia vitanzi vya uzi na ushanga mmoja mmoja, vinapendeza na havitunishi mgongo.

Sasa magamba, ambayo ndiyo roho ya vazi lako. Puleki za kawaida, vile visahani vinavyong'aa vya magauni ya harusi, vina milimita sita hivi. Mara sita, ni kama umemvika vifuniko vya chupa vya sentimita tatu na nusu. Dagaa hawana gamba la ukubwa huo! Tafuta za milimita tatu au mbili, rangi ya fedha isiyo kali. Anza chini kwenye pindo, panda juu, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia, na uzi upite ndani ya kila moja mara mbili. Usijaze gauni zima. Jaza pindo, halafu kadiri unavyopanda ziachie nafasi, zipungue, kiunoni zibaki chache zilizotawanyika. Samaki wanaonekana wanapanda kutoka kilindini kuja kwake, na bluu ya satini inapata nafasi ya kuwa maji. Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Ukilifunika lote kwa fedha utakuwa umelikausha.

Nyuma, kwenye mkia wa gauni, tarizi migebuka wawili watatu kwa uzi wa kijivu. Migebuka huwafuata dagaa kuwala, kwa hiyo wapo wanapopaswa kuwa, na anayelijua ziwa akimgeuza mdoli atafurahi.

Joho lako la wavu lisiwe la lasi. Kata kipande cha chandarua kikuukuu, kifue vizuri dawa ipungue, na kikiwa cha pamba kitie majani ya chai kipate rangi ya uchakavu. Matundu yake, kwa kimo cha mdoli, yanakaribiana na ya wavu wa dagaa. Kola ukitaka isimame, mafundi wana gamstafu, kitambaa cha kukazia chenye gundi inayoshikishwa kwa pasi. Hiyo naikubali, inabaki ndani ya kitambaa na haimgusi mwili.

Taji umelichora vizuri ila mwezi uutoe. Najua unapendeza. Lakini mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, hutawanyika, na wavuvi hukaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Malkia wa taa hawezi kuvaa mwezi kichwani. Mwekee taa zenyewe: waya mwembamba wa shaba, shanga za rangi ya asali zinazopitisha mwanga, moja kubwa kidogo katikati na ndogo pembeni, umbali kati yao usilingane, kama taa zinavyoonekana ukiwa juu kule Bangwe usiku wa giza. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, mwanga mweupe. Kwa malkia huyu nachagua karabai. Shikisha taji kwa mpira mwembamba unaopita chini ya nywele, livulike.

Mama yako usimgombeze akisema umekuwa mkubwa kwa midoli. Mpe ashike gauni likiwa limekamilika, aligeuze ndani aone bitana. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi kupiga bandi, mshono hauwezi kumpita bila kuusemea.

Sindano nyembamba ninazo, na mabaki ya bitana nyeupe ya kukutosha. Nitampa dereva wa bajaji unayemjua akuletee Jumamosi. Magamba anza na mstari mmoja tu wa pindo, unitumie picha ya karibu kabla hujaendelea.

Shangazi yako