Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaosomea sheria Marekani

Wanangu,

Nasikia wengi wenu mnataka kuanzia katika ofisi za waendesha mashtaka, mkitumaini kwamba ipo siku Rais atawateua na Seneti itawathibitisha kuwa majaji wa mahakama za shirikisho. Njia hiyo ni halali na wengi wameipita. Ninachowaomba ni kumchunguza mmoja wao, John Sirica, bila ushabiki.

Sirica alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali mjini Washington kuanzia 1930 hadi 1934, akafanya uwakili wa kujitegemea kwa miaka mingi, kisha Rais Eisenhower akamteua kuwa jaji mwaka 1957. Mawakili walimbandika jina la "John wa Adhabu ya Juu", nalo halikuwa la kumsifu. Januari 1973, akisikiliza kesi ya waliovunja ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, aliona waendesha mashtaka hawachimbi vya kutosha, akawa anahoji mashahidi mwenyewe. Machi 23 alisoma mbele ya mahakama barua ya mshtakiwa James McCord, iliyodai kwamba washtakiwa walishinikizwa wanyamaze na kwamba uongo ulisemwa chini ya kiapo. Siku hiyohiyo Sirica akawapa baadhi ya washtakiwa wenzake McCord adhabu za muda, yaani zisizo za mwisho, zilizofikia miaka 40, akiwaeleza kwamba atakapozipitia upya atazingatia kama wameshirikiana na wachunguzi.

Mtaniambia kwamba ukweli ulipatikana, nami sibishi. Amri yake kwamba Rais Richard Nixon atoe kanda za mazungumzo yake ya Ikulu kuhusu kashfa hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu Julai 1974 kwa kura 8 kwa 0, na Agosti 9 Rais akajiuzulu. Kwa amri hiyo namsifu, maana alimtendea Rais kama raia mwingine yeyote aliyeitwa kutoa ushahidi. Zile adhabu za muda ndizo zinazonikwaza hadi leo: mtu aliyekwisha kukiri kosa, akiwekewa miaka 40 mbele yake, atasema lolote analodhani jaji anataka kulisikia, liwe kweli au lisiwe. Hapo aliyekuwa akizungumza, kwa maoni yangu, ni mwendesha mashtaka aliyevaa joho la jaji.

Kwa hiyo, kabla hamjaomba kazi ya mashtaka, jiungeni na kliniki ya sheria ya chuo chenu inayotetea wasio na uwezo, mkae kando ya mshtakiwa asubuhi ya kusomewa adhabu, mjibu maswali ambayo mama yake atawauliza pale koridoni. Fanyeni hivyo mngali wanafunzi. Mkishaajiriwa upande wa serikali, nafasi hiyo hamtaipata tena kwa urahisi.