Rejeta kubwa haitibu injini iliyong'olewa themostati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoshamiri katika gereji nyingi za hapa Tabora, hasa unapoingia msimu wa joto kali wa Septemba na Oktoba. Gari likichemsha, hatua ya kwanza ni kung'oa themostati, yaani vali inayofunguka injini ikipata joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta, na kuitupa. Likiendelea kuchemsha, mwenye gari hushauriwa anunue rejeta nene ya aluminiamu, feni ya umeme ya kuongezea, na mfuniko wenye presha kubwa kuliko ule wa kiwandani. Maboresho yenyewe siyapingi. Fuso lililosheheni tumbaku kutoka vijiji vya Urambo, likijikokota mchangani kwa gia ndogo, huzalisha joto jingi ilhali upepo wa mwendo ni hafifu, na hapo rejeta kubwa ina kazi ya kufanya, mradi feni iwe na kava lake, kwa maana feni isiyo na kava huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Ninachopinga ni kuyafunga maboresho hayo kwenye mfumo ambao tumeuvuruga wenyewe. Themostati si kizibo cha kubania maji, kama inavyodaiwa. Katika baadhi ya injini, zikiwamo kadhaa za Toyota, ina vali ya pili ambayo injini ikishapata moto huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka humo humo ndani hata kama rejeta uliyofunga ni ya lori. Kwa injini nyingine madhara ni ya polepole: hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na oili huchafuka mapema.

Mfuniko wa rejeta nao haupewi heshima, pengine kwa sababu ya bei yake ndogo. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wenye presha ya 0.9 (takriban baa 0.9) huyafanya yavumilie hadi kupita nyuzi 115. Uliolegea springi huipoteza nafuu hiyo yote. Kufunga wa 1.3 mahali pa 0.9 si kuboresha, bali ni kuitafutia mipira ya maji iliyochoka mahali pa kupasukia.

Kuhusu kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, wapo wanaoamini kuwa ni ya nchi zenye barafu. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu, na rejeta mpya ya aluminiamu ikijazwa maji ya kisima yenye chumvi italiwa mapema.

Nawaomba wenye maduka ya spea waandike kwenye risiti nyuzi za themostati na presha ya mfuniko wanaouza, na Shirika la Viwango Tanzania likague bidhaa hizi madukani. Na kabla mteja hajauziwa rejeta ya bei kubwa, aulizwe kwanza kama themostati bado imo.

Wako,
Fundi mstaafu,
Isevya, Tabora