Kumchunia mpenzi si kipimo cha mapenzi

Mhariri,

Safu yenu ya mahusiano ya Jumapili iliyopita ilimshauri binti wa miaka 22 amchunie mpenzi wake wiki nzima ili ajue kama anapendwa. Ushauri huu umezoeleka vijiweni, ila kinachopimwa hapo si mapenzi.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha majibu ya dodoso la mapenzi lililotolewa gazetini, katika Rocky Mountain News la Denver, Marekani. Kati ya watu 620, asilimia 56 walijitambulisha kuwa watulivu katika mapenzi, 25 wakwepaji wa ukaribu, na 19 wenye hofu ya kuachwa. (Walijibu waliopenda wenyewe, kwa hiyo tusiwabandike vijana wa Mbeya asilimia hizo.) Mafungu hayo matatu yalitokana na kazi ya mwanasaikolojia Mary Ainsworth kuhusu jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao, ambaye safari yake ilianzia hapa jirani: mwaka 1954 na 1955 alifuatilia watoto wachanga 28 na mama zao vijijini karibu na Kampala.

Sasa mchunie kila mmoja wao. Mwenye hofu atapiga simu usiku kucha, atarusha vijembe WhatsApp, atatishia kuachana huku akiomba moyoni arudiwe. Mkwepaji siku za mwanzo ataona nafuu, atajitosa kwenye kazi na mpira. Mtulivu atauliza mara moja au mbili kuna nini, kisha ataona anachezewa. Anayepata alama za juu ni yule mwenye hofu kuliko wote! Mbaya zaidi ni pale mwenye hofu na mkwepaji wanapokuwa pamoja, na ndivyo inavyotokea mara nyingi: huyu akifuata, yule anarudi nyuma, na kila mmoja anaona aliloliogopa limetimia.

Binti yule angeambiwa aseme jambo moja, la siku moja, kwa mdomo na si kwa meseji, kwa kuwa meseji haina sauti na msomaji huitia sauti ya hofu yake. Kwa mfano: "Jana ulisema utapiga saa tatu usiku, hukupiga, nikakosa raha. Ukikwama, niandikie hata neno moja." Akianza na "wewe siku zote hunijali", mwenzake ataacha kusikiliza atafute mfano wa kujitetea.

Sauti zikipanda, wapumzike. Utafiti wa mwanasaikolojia John Gottman kuhusu wanandoa unaonyesha kuwa mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza hushuka, na mwili huhitaji dakika 20 au zaidi kutulia. Wengi hukosea hapa: hutoka bila kuaga, au hukaa chumbani wakiurudia ugomvi kichwani, na moyo hautulii. Anayetoka ataje saa ya kurudi, atembee au afue nguo, kisha arudi saa hiyo hiyo hata kama bado hana jibu. Saa ikitajwa, mwenye hofu hana sababu ya kukimbiza, na mkwepaji amepata nafasi yake bila kutoroka.

Haya ni kwa wawili wasioogopana. Anayepigwa, au anayezuiwa kuonana na ndugu zake, asipewe zoezi la mazungumzo. Aende kwanza kwa mtu anayemwamini, mahali ambapo mwenzake hawezi kumfikia.

Mshauri nasaha,
Morogoro