Hatuulizi tena "Una chuma mwilini?"

Mwezi wa kumi mwaka jana, msimu wa korosho umepamba moto, alitujia kwenye kliniki yetu ya tiba ya viungo hapa Mtwara mjini babu mmoja kutoka Newala, bega limekaza. Kabla ya kuwasha mashine ya joto la ndani, ile dayathemi, tukamwuliza kama kawaida: "Babu, una chuma mwilini?" Akasema hana. Alipovua shati, kijana wetu akaona kovu kiunoni, juu kidogo ya tako.

"Aa, hiyo si chuma, mjukuu wangu. Ni betri." Akatoa mfukoni rimoti ndogo ambayo sisi tungedhani ni ya redio.

Aliwekewa India, kwa maumivu ya mgongo yaliyogoma kuisha hata baada ya upasuaji. Betri hukaa chini ya ngozi, na nyaya nyembamba hupita hadi karibu na uti wa mgongo. Umeme mdogo wa humo huvuruga taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Chanzo cha ugonjwa hakiponi. Mtu anapata nafuu tu, na ili kuona kama ataipata, hujaribishwa kwanza siku kadhaa betri ikiwa nje ya mwili. Daktari Norman Shealy wa Marekani alimwekea mgonjwa kifaa cha namna hii mwaka 1967. Warumi wa kale, wao walimkanyagisha mgonjwa wa gauti juu ya samaki aitwaye taa, yule mwenye shoti ya umeme!

Wateja wanaotuuliza kama tunaweka betri hiyo ya mgongo: hapana, hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji. Sisi tuna TENS, mashine ya umeme mdogo wa kutuliza maumivu inayobandikwa juu ya ngozi, nayo pia hatumfungii mwenye betri ya moyo bila ruhusa ya daktari wake.

Lakini kwa mtu kama babu, dayathemi ndiyo hatari hasa. Nyaya zile hunasa nishati yake, ncha zikapata moto na kuunguza neva. Kuzima kifaa cha mwilini hakusaidii. Wala bega kuwa mbali na kiuno hakusaidii.

Kwa hiyo sasa tunauliza: "Kuna kitu chochote daktari alikuwekea ukabaki nacho?" Cha moyo, cha mgongo, cha kibofu, cha kifafa, vyote tutajie. Kadi ya kifaa ukiwa nayo, njoo nayo.

Babu tulimkanda kwa mikono, tukampa na mazoezi ya kamba ya mlangoni. Alinung'unika kidogo, nauli yote ile, alisema, alilipa kwa ajili ya mashine.